Baba Neema, Mkonga Wako Unakwenda Mchangani

Baba Neema,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika nimekaa barazani kwetu Kasulu, mahindi yameanikwa uani, na kuku nawafukuza kwa mguu huku kalamu iko mkononi. Sijui kama huko uliko habari zetu zinafika zenyewe au mpaka zipelekwe. Mimi nilizoea kukueleza kila jambo, hata lile uliloliona kwa macho yako, na wewe ulinivumilia. Barua hii nimekubali isomwe na wengine pia, maana kwenye jumuiya yetu tuko wajane kadhaa, na kila mmoja ana kitu cha mumewe ambacho hajui akifanyeje.

Changu mimi ni gari.

Mkonga wako bado uko pale chini ya bati, na lile bomba lake la hewa limepanda ubavuni vile vile kama pua ya tembo. Naupeleka sokoni, naupeleka kwenye misiba, basi. Sasa nimeamua. Ile safari uliyoitaka, ya kwenda kwenye nchi ya mchanga na vumbi chini ya Mlima wa Mungu, kule Ziwa Natron, tunaiendea kiangazi hiki, mahindi yakishaingia ndani. Neema anakwenda. Mdogo wako Revo anakwenda. Limebaki jambo moja, nalo ndilo linanifanya nikuandikie: tukifika mchangani, nani atashika usukani? Revo anasema ni yeye. Mimi nataka niwe mimi. Na nikiwa mimi, kuna kitu chako itabidi nikiache, na sijui kama ni halali kukiacha.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa umewapeleka wageni wa shirika Arusha. Ulirudi, ukakaa hapa hapa nilipokaa, hukutaka hata kunawa.

"Mama Neema, kuna dereva nimekutana naye. Ananiambia huko kwao kuna nchi haina barabara."

"Haina barabara kama Kibondo?"

"Aa, Kibondo barabara ipo, imeharibika. Kule haipo kabisa. Unaliweka gari unapotaka wewe."

Nikakuuliza wanalima nini huko. Ukasema hawalimi kitu, ni mchanga, mawe na vumbi, na mlima umesimama peke yake. Nikasema basi huko kuna nini cha kutazama. Ukacheka mpaka ukavua kofia.

"Ndiyo hicho sasa! Hakuna kitu. Nataka nikaone hakuna kitu."

Nilikuona umechoka na safari. Siku hizi nakuelewa. Mtu aliyezaliwa huku kwetu, kila mteremko migomba, kila bonde maji, na kazi yake ya maisha ni kung'oa magurudumu kwenye matope mekundu kati ya Kasulu na Kibondo akiwapelekea wakimbizi unga na dawa, huyo mtu siku moja atatamani kukauka kidogo.

Toka hapo ukawa unapanga safari yako kwa maharage. Nikichambua maharage jioni, unajichotea konzi, unayapanga mezani. Hili Kibondo, hili Kakonko, hili Kahama, Nzega, Singida, Babati. Ukifika Mto wa Mbu ulikuwa unaweka punje nyeusi, kwamba hapo lami inakwisha na mambo yanaanza. Mimi chungu kikichemka nakuja naokota miji yako yote naitia ndani. "Umenilia Singida," ulikuwa unasema ukiwa umeshika kijiko. Tumeila ile njia mara nyingi kabla hatujaiona.

Halafu shirika likafunga kazi, likauza magari yake machakavu, ukarudi nyumbani na mkonga. Ukanitangazia kwamba na mimi nitajifunza kuendesha, kwa sababu safari ndefu haiendeshwi na mtu mmoja. Nilikuwa na darasa la saba langu na magoti yanayouma, nikakataa, ukanipakia hivyo hivyo. Ule uwanja nyuma ya kanisa! Nilikwenda vizuri, nikakata kona vizuri, nikapita juu ya muhogo wa Mama Sabina aliouanika kwenye turubai. Wote. Kwenda na kurudi, kwa sababu nilipotaka kumkwepa yeye nikarudi nyuma tena juu ya muhogo wake. Nikashuka, nikamwomba radhi. Yule mama akaangalia unga uliobaki, akanisalimia kwa Kiha kana kwamba hakuna kilichotokea:

"Mwakeye, Mama Neema. Umenisagia bila foleni ya mashine. Kesho nikuletee na mahindi?"

Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya gari unalia kwa kucheka.

Lakini nilijifunza kweli siku moja tu, nayo hatukucheka. Ni masika yale uliyougua. Ilibidi ufike hospitali Kigoma, lami ilikuwa bado, mvua imenyesha tangu alfajiri, na Revo alikuwa kwake Gwarama. Ulitoka ndani umejifunga blanketi, ukanipa ufunguo. Hukuniambia nitaweza. Ulisema tu, "Tupakie matofali nyuma." Nikadhani homa imekupanda kichwani. Ukasema, "Gari tupu linateleza, mama. Lipe uzito. Na matairi yajae upepo yawe magumu, yakate matope yafike chini."

Kwenye ule mlima nilioujua tangu utoto kwa miguu, gari likaanza kwenda upande. Nikaona bonde. Nikataka kuondoa mguu.

"Usiachie," ukasema. Hukupaza sauti. "Kanyaga, mama. Usiachie, ukiachia tumekwisha. Liache liteleze linavyotaka, wewe kanyaga."

Nikakanyaga. Nilikuwa nasali Salamu Maria kwa sauti na nakanyaga. Tulipofika juu ukasema, "Umeona?" ukalala usingizi.

Ulirudi kutoka Kigoma, tukakaa na wewe muda kidogo, kisha Imana, Mungu wetu, akakuchukua. Namshukuru kwa ule muda. Ila kuna jambo ambalo sikumwambia mtu, hata padre, kwa sababu si dhambi na si ugonjwa. Kila ninaposhika usukani nakusikia upande wa kushoto. Punguza. Achia klachi taratibu. Yule wa bodaboda hajakuona. Nikiwapeleka akina mama wa jumuiya kumwona mgonjwa kule Muyama, wao wanaimba nyuma, na wewe uko pale mbele unanielekeza. Nyumbani kitanda kimya, kiti chako kimya, shambani kimya. Kwenye gari upo. Wengine wanakwenda makaburini. Mimi nilikuwa nawasha gari.

Basi, nilipotangaza safari, Revo alikuja. Unamjua mdogo wako, anakuja na kuku mmoja na maneno gunia zima. Akakaa, akala, akasema:

"Shemeji, safari nimeikubali. Kaka aliitaka. Lakini ukweli tuambiane, mchangani naendesha mimi. Mimi nimeng'oa magari kwenye matope ya Gwarama ambayo hata trekta ilikataa. Mchanga ni nini? Mchanga ni matope yaliyokauka."

Na mimi nikaona ana maana, kwa sababu ndivyo na mimi nilivyokuwa nafikiri. Tukakubaliana twende tukajaribu kule Malagarasi, pale wanapochota mchanga wa kujengea. Neema akaja kutoka Kibondo, siku hiyo hakuwa na zamu hospitali. Tukaliandaa gari kama ulivyotufundisha. Tukajaza upepo matairi yakawa mawe. Tukapakia matofali. Revo akafunga na ile minyororo yako ya masika kwenye magurudumu, akasimama mbali akalitazama gari kama bibi harusi.

Wachimba mchanga wakaacha makoleo yao.

"Mzee, hayo matofali mnakwenda kujenga mtoni?"

"Na hiyo minyororo, mnamfunga nani?"

Revo akawapa mgongo. Akaingia, akakanyaga kiume. Gari likaenda hatua chache, likaanza kuchimba. Akakanyaga zaidi. Likachimba zaidi, mchanga unaruka mpaka kwenye ndoo za watu, na alipozima, mkonga wako ulikuwa umekaa chini kama kuku anayeatamia. Matairi huyaoni. Tulishusha tofali moja moja, wale vijana wanatusaidia huku wanaimba wimbo walioutunga hapo hapo, wa mwanaume aliyepanda gari likaota mizizi. Neema alikuwa amegeukia mto ili baba yake mdogo asimwone anacheka.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Swalehe, yule wa duka la vipuri pale mjini. Unakumbuka alikuwa anatuambia habari za Oman, alivyoendesha huko ujanani, na sisi tunadhani anajaza muda ili tununue? Nikamweleza yote. Nilipofikia minyororo alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Minyororo! Mchangani! Mama Neema, mlitaka kulima?"

"Mzee Swalehe, nifundishe, usinicheke."

"Nitakufundisha na nitakucheka. Nyinyi Waha mmezoea kupigana na barabara. Mchanga haupigwi, ukiupiga unakuzika. Toa upepo, tairi litepete, lilale kama unyayo wa ngamia. Mzigo uwe mwepesi. Breki sahau. Na ukisikia linaanza kuzama, achia mafuta hapo hapo. Urudi nyuma taratibu kwenye alama zako mwenyewe, kisha ujaribu pengine."

"Niachie?"

"Achia."

"Marehemu aliniambia nisiachie kamwe."

Akaacha kucheka. Akapangusa kaunta ambayo ilikuwa safi.

"Marehemu alikuwa dereva, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sijaona aliyempita kwenye matope. Lakini mama, mchanga hakuuona."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, gari nikaliacha dukani kwake kwa kisingizio cha kubadilisha oili. Sikutaka kuwa na wewe njiani. Nisamehe kwa kulisema hivyo. Katika maisha yetu yote ulikuwa umekosea mambo mengi, ulikosea mbegu, ulikosea jina la shangazi yangu kila mwaka, lakini kwenye gari hukuwahi kukosea. Nami nilikuwa nimejenga juu ya hapo.

Tulirudi mtoni baada ya Misa ya Jumapili. Safari hii niliingia mimi, Neema akakaa kushoto, Revo akabaki nje na koleo na uso wa mtu aliyekuja kushuhudia. Matairi tumeyatoa upepo mpaka yanatia huruma. Nikaondoka. Lilikwenda, Baba Neema! Lilikwenda kama linaelea. Halafu likaanza kulegea, nikasikia mgongo unazama, na wewe ukasema, pale pale ulipokaa Neema: Kanyaga, mama. Usiachie.

Nikakanyaga. Tukazama.

"Mama, si mzee alisema uachie?"

"Baba yako amesema nikanyage."

Lilinitoka. Nikashika usukani nikitazama mbele, nikijua sasa mtoto atasema mama ameanza. Neema akanyoosha mkono akazima injini. Yule ni nesi, anajua kukaa na watu. Kisha akasema:

"Na mimi ananisemesha. Ila mimi ananiambia nipunguze mwendo, na hata gari sina."

Tukacheka, tukalia, tukacheka tena, mpaka Revo akaja kugonga kioo akidhani tumeumia. Neema akamwambia, "Baba mdogo, chimba tu."

Walipotutoa nikaenda tena. Pale pale penye ulaini likaanza kulegea. Nilikusikia, sikudanganyi, nilikusikia wazi kuliko siku zote: usiachie, ukiachia tumekwisha. Nami nikaachia.

Hatukwisha. Gari lilitulia juu ya mchanga. Nikarudi nyuma kwenye alama zangu, nikasogea pembeni kidogo, nikapita. Nikaendelea mpaka karibu na maji, nikazima. Wale vijana wanapiga makofi huko nyuma, Revo anapiga kelele "Shemeji! Shemeji!" kana kwamba yeye ndiye aliyeendesha. Na mimi nimekaa namsubiri mtu aniambie, Umeona?

Hukusema. Ndani ya gari kulikuwa na pumzi ya Neema na mlio wa injini inayopoa. Nilipogeuza, nikapanda barabarani, nikaendesha lami mpya mpaka Kasulu, hukusema. Nilifika nyumbani nikafunga mlango wa gari taratibu kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Hilo ndilo nililokuwa nataka kukueleza. Siku zile za mwanzo nilikasirika. Nilisema kama gharama ya kuuona mchanga ndiyo hii, mchanga ukae huko huko. Nilimwambia Neema labda Revo aendeshe tu, mimi nikae kushoto na rozari yangu. Neema alikuwa anapika, hakugeuka. Akasema, "Mama, ukikaa kushoto, utakuwa umekaa kwake." Akaendelea kukoroga ugali.

Nimelisali neno hilo wiki nzima. Nimekaa mbele ya Sakramenti nikamwomba Bwana anirudishie sauti yako, kisha nikamwomba aniambie kama nilikuwa naiomba kwa upendo au kwa woga. Hajanijibu la kwanza. La pili nadhani najua. Kukupenda nilikupenda kabla sijajua hata gari lina gia ngapi. Woga ndio ulioingia siku ile ya mlima, na wewe ukaushika kwa mkono wako ukiwa mgonjwa, ukaubeba mpaka juu. Umeubeba muda mrefu tangu ufe. Mtu aliyelala anatakiwa apumzike, Baba Neema. Nami nilikuwa nakuamsha kila ninapokwenda kununua chumvi.

Jana nimemwita Revo, nikamwambia yeye ataendesha lami yote mpaka Mto wa Mbu, na baada ya hapo usukani ni wangu.

"Shemeji, watu watasemaje? Mwanaume mzima nimebebwa?"

"Watasema una shemeji."

Akajikuna shingo. "Basi mimi nitakaa nyuma na madumu ya maji."

"Na koleo."

"Na koleo," akasema, akachukua kuku aliyekuja naye akaondoka naye, ndipo nilipojua kwamba ameumia kidogo. Nitampelekea samaki wa migebuka Jumamosi, atasahau.

Maandalizi yanakwenda. Mzee Swalehe ameniazima pampu ya kurudisha upepo tukitoka mchangani, na mbao mbili pana za kuweka chini ya gurudumu likizama. Turubai lipo, mafuta ya akiba yatakaa kwenye madumu ya chuma. Tutamchukua mwenyeji wa kule atuongoze, maana vijito vilivyokauka anavijua yeye, na simu hazishiki. Unga wa muhogo nimesema nabeba, Neema akasema huko kuna hoteli, nikamwambia hoteli haitapika ugali wa kwetu. Akina mama wa jumuiya wananitania, wananiita Mwisraeli. "Wenzako walikaa jangwani miaka arobaini, Mama Neema, wewe utaturudia lini?" Lakini wameanza novena, sala za siku tisa, kwa ajili yetu, na padre atalinyunyizia gari maji ya baraka baada ya Misa ya kwanza. Tutaondokea hapo hapo kanisani.

Nilipoanza kuandika nilidhani nitakuomba ruhusa. Nimeandika mpaka hapa, na naona sikuombi. Nakuaga. Si kwamba nakusahau. Nikirudi nyumbani nitakuwekea Misa, nitapalilia kaburi lako, nitaendelea kugombana na wewe juu ya mbegu. Lakini pale lami inapokwisha, Revo atashuka, mimi nitazunguka mbele ya gari nipande kulia. Tutainama, mimi na mwanao, tutoe upepo tairi moja baada ya jingine. Kisha nitawasha. Na kama kwa mapenzi ya Mungu utanisemesha, baba, sitakujibu. Usihuzunike. Nitakuwa naendesha.

Lala kwa amani ya Kristo.

Mkeo,
Mama Neema